Nyama ya Bure ya Bwana Trask

"Huandiki hundi hiyo, Harlan. Weka kalamu chini."

"Verna, mtu ametulisha nyama ya kuchoma, na pai pia. Nitamfungiaje mlango?"

"Kwa mkono."

Verna Stuckey alikuwa amechoka kuwa muungwana. Zamani, kule Florida, yeye na mumewe Harlan walilishwa kifungua kinywa cha bure, wakaona haya kuondoka bila kununua. Ndivyo walivyouziwa haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika hoteli ya likizo. Sasa goti la Harlan haliwezi safari, lakini ada ya hoteli inazidi kupanda. Juzi mtu aitwaye Bwana Trask aliwaalika kula hapa hapa Missouri. Aliahidi kuwatoa kwenye mkataba wa hoteli kwa dola elfu sita, zilipwe kwanza. Hizo ni pesa za kuezeka paa upya, na Trask alikuwa njiani kuja kuzichukua.

Jirani yao Nadine, aliyestaafu kutoka ofisi ya jimbo ya kulinda wateja, aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Aliwaambia mwache kulipa ada?"

"Ndiyo," Harlan alijibu. "Na tusiseme na hoteli hata neno."

"Basi huyo ni mwizi aliyevaa tai. Anataka pesa kabla ya kazi. Ukiacha ada, atakayedaiwa ni wewe, si yeye. Na anawakataza kuuliza kwa sababu baadhi ya hoteli huipokea tena wiki waliyouza bila malipo, kama mkopo wa kuinunua umekwisha na ada hudaiwi. Wakikataa, tafuta wakili mwenye leseni, na umchunguze kwanza."

"Mkopo tulimaliza," Verna alisema. "Mara mbili, Harlan. Mara mbili wanatununua kwa sahani ya chakula."

"Mama alinifunza kumheshimu anayekulisha."

"Mama yako hakumdai mgeni paa."

Mlango ukabishwa. Harlan alinyanyuka, akachechemea hadi mlangoni.

"Asante kwa nyama, Bwana Trask. Hundi hupati."

Akafunga. Kisha akapiga namba iliyo kwenye mkataba wenyewe. Mwanamke wa hotelini alitazama kumbukumbu zao.

"Hamna deni. Tunaweza kuipokea wiki yenu. Nawatumia karatasi za kusaini leo."

"Kwa kiasi gani?"

"Bure, bwana."

Harlan akakaa. Verna alikwisha kumnyang'anya simu.

"Nadine, nitajie namba ya ofisi yenu ya zamani, nimshtaki. Alituambia jioni hii ana wageni wengine mezani."