Pawa Mbili za Supu

"Siku ishirini!" Ami Seif alifoka huku akiburuta mzigo wa bizari wa mgeni hadi mlangoni. "Siku ishirini umemlisha kaka yangu majani na njugu mawe, na mguu umevimba kama boga. Toka, Banyani! Leo nachinja mbuzi, kaka yangu apate nguvu."

"Nitatoka," alijibu Bwana Jetha bila kupandisha sauti. "Ila nijibu kwanza. Siku ya kumi na mbili Bwana Zubeiri alikwenda msikitini kwa miguu yake, au alibebwa?"

"Alikwenda kwa miguu yake. Na leo je? Anaswali ameketi!"

"Basi kuna kitu kilibadilika. Mimi nakitafuta hicho kitu. Wewe unatafuta mtu wa kumfokea."

Jikoni, Zuena aliacha kumenya ndizi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kitu hicho alikijua vizuri sana.

Ilikuwa mwaka 1908, hapo Bugene, katika nchi ya Karagwe. Baba yake Zuena, Bwana Zubeiri, aliuza nguo na chumvi, kama babu yake aliyekuja na misafara kutoka pwani. Nyumba yao ilisifiwa kwa nyama. Mgeni hakuondoka bila kuila, na mwenye nyumba hakumwacha mgeni ale peke yake.

Kisha ugonjwa wa jongo ukamshika. Kidole gumba cha mguu kiliwaka moto, kikafuata kifundo, kisha goti. Hata shuka ikimgusa tu, alipiga kelele. Nguo zilichukuliwa Bukoba, na njia ya Bukoba ilikuwa ya kutembea kwa siku kadhaa. Mwuza nguo asiyeweza kutembea atauza nini?

Bwana Jetha, mzaliwa wa Bara Hindi, alikuwa mfanyabiashara wa bizari. Alipanga chumba kwao akingoja wapagazi. Hakuwa amekula nyama tangu azaliwe, na alijipikia mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye mafiga yake na chungu chake. Alipouona mguu ule, alisema kwao kuna elimu ya kale iitwayo Ayurveda, yaani elimu ya maisha. Inamfundisha mtu kula, kulala na kuamka kwa namna inayoufaa mwili wake.

"Tumbo ni jiko," alimwambia Baba. "Ukilijaza magogo mabichi, nyumba yote itajaa moshi. Wewe umelijaza nyama kwa miaka ishirini."

"Dini yangu hainikatazi nyama, Bwana Jetha."

"Nami sina neno na dini yako. Mguu wako ndio unaoikataa nyama."

Baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu augue, akakubali kuacha nyama kwa siku arobaini. Aliamka kabla ya jua, akanywa maji ya moto yenye tangawizi, akachuliwa mguu kwa mafuta ya ufuta. Mlo mkubwa ulikuwa adhuhuri: ndizi na mnavu, au njugu mawe zilizotiwa manjano. Jioni alikunywa uji mwepesi, akalala mapema. Siku ya kumi na mbili alitembea hadi msikitini, na watu wakampa mkono kama mtu aliyerudi safari.

Mpishi alikuwa Zuena. Mama yake, Bibi Mwajabu, alikuwa amejifungua na bado yumo ndani ya arobaini yake, haruhusiwi kugusa jiko. Kwa hiyo Zuena alipika vyungu viwili. Kimoja kilikuwa cha njugu za baba. Cha pili kilikuwa cha supu ya mbuzi, kwa sababu desturi yao ilikuwa kumpa mzazi supu ili apate damu na maziwa.

Ami Seif aliendelea kufoka mlangoni. Zuena alifuta mikono, akaenda kusimama mbele ya baba yake aliyekuwa ameketi mkekani.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Ni supu ya Mama. Tangu siku ya kumi na tatu, kila adhuhuri, nilitia pawa mbili kwenye njugu zako."

Ami Seif aliuachia mzigo.

"Kwa nini, mwanangu?" Baba aliuliza.

"Siku ile Ami alipita jikoni akaniambia, 'Baba yako umemfanya ndama? Kesho utamfunga kamba umpeleke malishoni.' Watoto wa jirani walicheka. Nikakuonea huruma. Nikatia supu kidogo, nawe ukalamba vidole ukasema mkono wangu umekolea. Basi nikatia tena kesho yake." Machozi yalimtoka. "Mguu ulipoanza kuvimba nikaogopa kusema."

Bwana Jetha alitikisa kichwa. "Na mimi chungu chenu sikukionja hata siku moja. Ningejuaje?"

Sauti ya Mama ilitoka nyuma ya pazia, kavu na wazi. "Zuena, unanisikia?"

"Abee, Mama."

"Ukimhurumia mgonjwa, mwulize anataka nini. Usimtilie kitu kwa siri, hata kikiwa asali. Dawa iliyochanganywa na siri haiponyi, na anayelaumiwa ni mganga. Bwana huyu angetimuliwa leo kwa kosa lako. Mwombe radhi. Nawe shemeji yangu Seif, kama una mzaha wa ndama, uje kumwambia mwenye mguu, si mtoto anayepika."

Ami Seif aliinama. "Kweli, shemeji. Ulimi wangu ndio ulioanza."

"Niwie radhi, Bwana Jetha," Zuena alisema.

"Nimekuwia radhi, binti. Umesema kabla sijavuka kizingiti. Wengi husema mgeni akishafika mbali."

Baba alimvuta Zuena akaketi karibu naye. "Nami nakushukuru kwa kusema. Bwana Jetha, wewe ulinirudisha msikitini kwa miguu yangu, nami sikukushukuru hata mara moja. Ahsante sana, ndugu yangu. Kama utakubali, tuanze upya. Leo ni siku ya kwanza."

"Na supu yangu itapikwa kwa jirani Shufaa mpaka arobaini yangu iishe," Mama alisema. "Ndani ya jiko hili, chungu ni kimoja tu. Zuena, sasa hivi!"

Zuena alibeba chungu cha supu kichwani, akakipeleka kwa Bibi Shufaa. Aliporudi alimwaga njugu za siku hiyo, akasugua chungu cha baba kwa majivu, ndani na nje, akakisuuza mara tatu, akatia njugu mpya na maji safi.

Kupitia mlango alimwona Ami Seif akiurudisha ndani mzigo wa bizari, safari hii akiubeba begani. Kisha ami yake alipanda juu ya kinu, akatoa darini kikapu cha kahawa za kutafuna, zile za kumkaribisha mgeni, ambacho asubuhi alikificha ili Bwana Jetha asipate. Alikishika kwa mikono miwili mbele ya Bwana Jetha.

"Tafuna, Bwana Jetha," alisema. "Hii haikuchinjwa."