Saa Mbili Mchana

"Weka bastola mezani."

Jasusi akaiweka Glock yake. Mkuu wa operesheni hakumtazama usoni. Idara nzima ilimwita jasusi huyo Wakuja, yaani mgeni, kwa sababu ya weupe wake, ingawa hata bibi yake alizaliwa mtaa wa pili tu kutoka ofisini hapo.

Tangu alfajiri walikuwa wamelizingira ghala. Makombora ya magendo yalikuwa yatoke humo saa mbili asubuhi. Hakutokea hata paka.

"Wale wauza silaha weupe, wewe mweupe," mkuu akasema. "Damu nzito kuliko maji. Umewatonya."

Iliuma. Miaka tisa ya kazi, kumbe bado anapimwa kwa rangi kama kitambaa dukani! Jioni angelala mahabusu, na makombora yangekuwa mikononi mwa wauaji.

Akamgeukia fundi wa mitambo. "Kaka, hebu niwekee tena ile simu yao tuliyoinasa."

Fundi akabonyeza. Sauti ya kigeni ikakwaruza.

"Mzigo kutoka saa mbili mchana. Usichelewe."

Wakuja akaruka kitini. "Mchana? Mbona ripoti inasema asubuhi?"

"Kiswahili chake kibovu," mkuu akajibu. "Nilimsahihisha."

"Mkuu, huyu anasoma namba iliyo kwenye saa. Mbili yake ni saa nane yetu!"

Wote wakatazama ukutani. Saa nane kasoro dakika kumi.

Mkuu akaisukuma Glock kwa Wakuja. "Twende!"

Land Cruiser ikala kona. Redio ikalia; ni kijana aliyeachwa kulichunga ghala.

"Lango limefunguka. Lori la kijani."

"Nimeliona," Wakuja akajibu.

Risasi mbili. Tairi mbili.

Lori likajikita ukutani. Mgeni akashuka mikono juu, akamwona, uso ukamng'aa.

"Dada, wewe watu yetu. Saidia mimi."

"Watu wangu ndio hawa," akasema, akamfunga pingu.

Mkuu akafika akihema. Alihesabu makreti, akarudi taratibu. "Na kama ungekosea?"

"Ningefungwa. Wewe umekosea asubuhi, shikamoo zako bado unaitikia."

Mkuu akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza aliona haya mbele ya vijana wake.

"Ripoti iandike wewe, Kapteni," akasema. "Uandike na nilivyokushuku, na sababu yake. Nitatia sahihi."

"Nitaandika yote."

Wakuja akafuta vumbi kwenye miwani yake, akaivaa, akaenda kutafuta chakula cha mchana.