Jioni Bila Mwito

Kila jioni Ottilia alipanda na mfuko wa chumvi hadi pito la Rotjoch, njia ya juu kati ya vilele vya milima, akawalambisha mitamba wake, kisha akashuka kibandani kwake kuita sala ya mlima, dua ya jioni ya wachungaji, akiipaza kupitia faneli kubwa ya mbao ya kuchujia maziwa. Siku hiyo mdogo wake, Rosalie, alifuatana naye. Alikuwa ametoka mjini Basel kuja kuliona tena pito hilo, au ndivyo alivyosema. Ukweli ni kwamba alikuwa na jambo la kumwambia dada yake, na tangu afike alikuwa akizungumzia hali ya hewa tu.

"Pumua, msomi," Ottilia alimtania. "Huku hakuna lifti."

Walipofika juu, vilele viliwaka rangi ya waridi na bonde lote lilikuwa wazi chini yao. Rosalie akafungua kinywa aseme. Ukungu ukampiga usoni kama nguo iliyoloa, na nyuma yake ikaja theluji, katikati ya joto la Agosti.

"Tukatize hapa," Ottilia alisema. Mbele yao theluji kuukuu ya majira ya baridi ilikuwa bado imefunika kijito. "Mitamba wamepita asubuhi, ona nyayo. Ikibeba ng'ombe, itatubeba na sisi."

Lakini jua la mchana lilikuwa limeilainisha, na kijito kimeila kwa chini. Theluji ikapasuka na Ottilia akazama hadi kwapani. Rosalie akalala kifudifudi, akamnyooshea fimbo, akavuta mpaka mikono ikafa ganzi. Dada yake akatoka amelowa chapachapa, mguu umepinda chini ya goti.

"Umevunjika?"

"Usiuangalie. Ufunge."

Akaufunga kwa fimbo na skafu. Akamburuta nyuma ya mwamba, akamvua koti lililolowa, akamvika lake.

"Huku simu haishiki. Nitashuka nikatafute watu."

"Utashukia wapi? Kulia genge, kushoto genge, na huoni hata viatu vyako. Kaa. Niongeleshe, nisilale."

"Inaonekana theluji itaendelea," Rosalie alisema, akajichukia papo hapo.

Ottilia akacheka, meno yakigongana. Baadaye meno yakaacha kugongana, na hilo ndilo lililomtisha Rosalie zaidi.

Kutoka ng'ambo ya bonde ikaja sauti ndefu: ni Balz, mchungaji wa malisho ya pili, akiita sala yake. Sala ikaisha. Huo ndio wakati ambao Ottilia humjibu kwa sala ya upande wake. Kimya. Balz akaita tena. Kimya.

"Tangu Baba afe sijakosa jioni hata moja," Ottilia alinong'ona. "Hata nikiwa na homa."

"Kwa hiyo atajua kuna jambo?"

"Balz? Husema sauti yangu inakausha ng'ombe wake maziwa. Labda anafurahia."

Rosalie alimkumbatia, akamsugua mgongo, na kila alipopata pumzi akapiga kelele kuelekea bondeni. Koo lilikuwa limekauka kabisa aliposikia mbwa akibweka. Taa mbili zikatoboa ukungu: Balz na mkewe Agatha, wakivuta sleji, kitoroli cha kuteleza kwenye theluji, ya kubebea nyasi.

"Nilijiambia, ama mwanamke huyu amepata bwana, ama amekufa," Balz alisema, akihema.

"Ni mguu tu," Ottilia alijibu kwa sauti ndogo. "Samahani kukukatisha tamaa."

"Nyamaza, unywe," Agatha alisema, akimsogezea kahawa ya moto yenye sukari nyingi. Kisha akageuka pembeni akafuta macho.

Walishuka polepole, Rosalie akishikilia sleji kwa nyuma isikimbie. Kibandani Agatha aliwasha moto. Balz aliwaita waokoaji kwa redio ya kibandani; helikopta yao ingekuja ukungu ukiondoka. Kisha akachukua faneli ya Ottilia, akasimama mlangoni, akaita sala badala yake, ili malisho yote ya ng'ambo yajue kwamba huku wapo hai. Mmoja baada ya mwingine, wachungaji wakamjibu.

Rosalie alikuwa ameipakata miguu ya dada yake, akiipasha joto kwa viganja. Vidole vilikuwa vimeanza kurudiwa na rangi.

"Otti."

"Usiniambie theluji itaendelea."

"Uliacha shule ukakamua ng'ombe ili mimi nisome. Sijawahi kukuambia hata mara moja." Akainua uso, akamtazama. "Asante, dada yangu. Ndicho nilichokuja kusema. Asante."