Maji ya Lusubilo

Jioni moja ya Oktoba 2013 nilikuwa napeleka chai na viazi kwa wanaume waliokuwa wakizima moto kwa matawi mlimani, huku kwetu Ileje. Mume wangu Lusubilo alikuwa nao. Moto ulianzishwa na watu wasiojua kuchoma shamba lao bila kuchoma la jirani, na njia nzima nilikuwa nawatukana.

Nilipofika chini ya kilima na mama mkwe, upepo ukageuka.

Moto ukawazunguka kule juu. Tuliwasikia wakikohoa... kisha hatukusikia kitu.

Bahati nzuri helikopta ilikuwepo. Wenye shamba la miti ya mbao walikuwa wameikodi, na chini yake ilining'inia ndoo kubwa ya turubai. Barnaba, msimamizi wa shamba, ndiye aliyeongea na rubani kwa redio.

"Dada Tumpe, maji ya karibu yako wapi? Mtoni ni mbali, watu wataisha!"

Yalikuwa hapo hapo, nyuma ya migomba. Kijiziwa.

Mama mkwe akanishika mkono. "Yale hayachotwi hivi hivi, mwanangu."

Nilijua. Maji yale huchotewa mgonjwa tu, kata moja ya kibuyu, na mchotaji humtaja mgonjwa kwa sauti. Asipotajwa mtu, hayasaidii. Mgonjwa akipona, hurudisha kata moja kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama, mwanao anaungua," nikamnong'oneza.

Akaniachia, nikamwonyesha Barnaba kijiziwa.

Ndoo ilipozama nikapiga kelele kuishinda injini: "Maji ya Lusubilo!" Ikarudi, nikataja tena. Nilitaja mpaka sauti ikakauka, na hata leo ningetaja. Anayetaka kunilaumu anilaumu.

Moto ukazimika kabla giza halijaingia. Wanaume wakashuka wazima, weusi kwa masizi, wakitaniana. Nguo zao zilikuwa zimeshakaukia mwilini kwa joto la makaa.

Isipokuwa za Lusubilo.

Yeye alikuwa akichuruzika... na alinuka tope la kijiziwani, lile la chini kabisa.

Nikambadilisha shati. Likalowa. Nikamfunika blanketi, nalo likalowa. Kesho yake jioni alitoka bila kuaga, nikamfuata mpaka kijiziwani. Alivua shati, akalikamulia majini polepole, akalivaa, likalowa, akalikamua tena.

"Unafanya nini, baba Happy?"

"Narudisha," akasema kwa sauti ya chini. "Ni mengi, mama Happy. Ulichota mengi."

Tangu siku ile ni kila jioni. Nilimfuata Barnaba anieleze ile ndoo inaingia kata ngapi, akanitazama kwa huruma na kuniambia nipumzike. Nilijaribu kumsaidia mume wangu, nikamwaga kijiziwani ndoo nzima ya maji ya bomba. Asubuhi nikaikuta ndoo yangu mlangoni. Imejaa.

Anakonda. Anakula vizuri, anacheza na mwanetu, lakini nikimgusa usiku ngozi yake inakwaruza kama maganda ya mahindi. Naogopa kumkumbatia mume wangu mwenyewe.

Jana jioni alilikamua shati, halikutoa hata tone. Nilipiga vigelegele. Nilidhani amemaliza, nikamwita twende nyumbani tukale.

Hakugeuka. Aliyatazama maji kama anayesikiliza mtu.

Kisha akashika mkono wake wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, akaanza kuukamua.

Na maji yakatoka.