Mjomba Aliniambia Chuo Kimefungwa

"Wewe?! Unafanya nini hapa?"

Hilo swali tuliulizana wote wawili kwa wakati mmoja, mimi na binamu yangu, katikati ya ukumbi uliojaa watu.

Jamani!

Binamu alikuwa amesimama nyuma ya meza. Mezani kulikuwa na mfano wa jengo la hospitali, umetengenezwa kwa makaratasi magumu, safi, hadi ngazi ndogo ndogo unaziona. Juu ya kichwa chake bango kubwa: jina la chuo, na chini yake IDARA YA USANIFU MAJENGO.

Shida ni hii...

Hicho chuo, niliambiwa kimefunga kozi ya usanifu majengo!

Na aliyeniambia ni baba yake mzazi huyuhuyu binamu!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona chizi.

Nyumbani wananiita Futi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napima kila kitu: meza, mlango, hadi bibi akiwa amelala. Mimi na binamu tulikuwa tunajenga maghorofa ya maboksi ya sabuni, yeye anajenga, mimi namwambia ukuta umepinda. Tuliapa tutasoma usanifu majengo pamoja, chuo kimoja, chumba kimoja.

Matokeo yakatoka. Tukafaulu. Mimi nikakubaliwa na vyuo viwili.

Kimoja kilikuwa mbali, safari ya kuchosha, ila ndicho chenye idara kongwe. Kingine kilikuwa karibu, unatoka nyumbani asubuhi na chakula cha jioni unakula kwenu.

Sikuwa na haja ya kufikiria. Nilitaka cha mbali!

Ndipo mjomba akaja.

Mjomba ni kaka yake mama, mwalimu wa chuo, mtu aliyesoma kuliko wote kwenye ukoo wetu. Mjomba akikohoa, watu wanazima redio. Aliketi sebuleni, akaweka miwani juu ya goti, akasema:

"Futi, chuo cha mbali kimefunga ile kozi yenu."

"Kimefunga?! Mbona wamenikubali?"

"Walimu wameondoka. Watawapokea, kisha watawahamishia kozi nyingine. Binamu yako nimeshamhamisha, anakwenda kusomea uuguzi."

"Uuguzi? Yeye anayezimia akiona damu?"

"Atazoea."

Nikamgeukia baba. Baba ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa amepitia nyumbani tu kubadilisha nguo.

"Shemeji akisema hivyo, mimi ni nani?" akajibu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Akageuka akarudi kwenye sufuria zake.

Najua mtaniuliza: Futi, hukuwa na simu? Si ungepiga chuoni ukauliza?

Ningepiga. Lakini ukishaambiwa na mtu kama mjomba, unampigia nani kuhakikisha? Nilimpigia binamu, hakupokea. Nikatuma ujumbe, kimya. Baadaye nikaona ameifungia namba yangu kabisa. Nikasema sawa, amepata marafiki wapya huko kwa wauguzi, hata likizo haji kwetu.

Nikaenda chuo cha karibu.

Wenzangu, yale niliyoyakuta! Studio haikuwa na meza za kuchorea, tulichorea kwenye meza za bwalo, na wapishi wakitaka kupanga sahani mnakunja ramani zenu mnatoka. Mwalimu wa usanifu alikuwa mmoja, anafundisha madarasa yote, akiugua yeye imeugua idara nzima.

Nilivumilia. Nikajiambia mpishi mzuri halalamikii sufuria.

Kisha mwaka wa pili tukasikia maneno chini chini. Waliomaliza kabla yetu wamekataliwa na bodi ya wasanifu. Bodi haiitambui shahada yetu. Yaani unasoma miaka yote hiyo, unamaliza, halafu huruhusiwi kujiita msanifu majengo. Utakuwa unachora vya wenzako, wao ndio wanatia sahihi.

Tulimfuata mkuu wa idara ofisini.

"Tumeshaomba kutambuliwa," akasema. "Tunasubiri majibu."

"Mnasubiri tangu lini?"

Akaangalia dirishani. "Tangu kabla sijaajiriwa."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilishindwa.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo nilipokwenda kwenye yale maonyesho ya kazi za wanafunzi. Chuo chetu hakikualikwa, mimi nilikwenda kutazama tu, nijue wenzetu wanafanya nini.

Nikamkuta binamu.

"Kwa hiyo husomi uuguzi?" nikamuuliza.

"Uuguzi gani? Futi, mimi nikiona damu nazimia!"

"Mjomba alisema kozi imefungwa!"

Binamu akaniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akasema taratibu:

"Baba aliniambia wewe ndiye uliyekataa kuja. Kwamba umesema umechoka kufuatana na mimi kila mahali, kila mtu ashike njia yake."

"Mimi?!"

"Ndiyo maana nilikufungia. Nililia wiki nzima, Futi."

 Watu wanapita, wanasifia hospitali yake ya makaratasi, wanampa hongera. Nilitamani kufurahi naye. Wallahi nilitamani. Lakini hata mkono wa hongera sikumpa.

Niliondoka pale moja kwa moja hadi kwa mjomba. Hata shikamoo sikumpa.

"Mjomba, kwa nini?!"

Hakuuliza kwa nini nini. Alijua.

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai! Mwanao umempeleka kuzuri, mimi umenitupa! Nimekukosea nini?"

Mjomba, yule ambaye akikohoa watu wanazima redio, akavua miwani na kuinamisha kichwa. 

"Nilikataa mara mbili," akasema. "Mara ya tatu alinipigia magoti. Mdogo wangu mwenyewe, kwenye sakafu hii. Nenda kamuulize mama yako."

Mama?

MAMA?!

Hapa ndugu zangu lazima niwaambie jambo nililokuwa nalikwepa tangu mwanzo. Nilikuwa na kaka. Alikwenda kusoma mbali, akaugua homa ghafla hosteli. Walipotupigia simu, mama alianza safari palepale. Hakumuwahi.

Nyumbani hatumzungumzii. Picha yake, mama ameigeuza itazame ukuta.

Nilimkuta mama anakunja nguo kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, maneno yote yako tayari mdomoni.

"Mama, nimemwona binamu. Mjomba ameniambia kila kitu."

Aliendelea kukunja. Akakunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilimsindikiza mtoto stendi akiwa anacheka," akasema. "Nikampokea kwenye sanduku. Ningekusindikiza na wewe?"

"Mama, umeniharibia masomo..."

"Najua."

"Shahada yangu haitambuliwi!"

"Hilo sikulijua. Nilidhani vyuo vyote ni vyuo." Akaketi. "Nichukie tu, mwanangu. Bora unichukie ukiwa hapa."

Sasa niambieni, ungefanyaje? Yale maneno yangu yote yaliyeyuka. Ungemgombeza vipi mtu wa namna hiyo? Nililia, yeye akalia, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumshika mwenzake.

Nilipiga simu chuo cha mbali. Safari hii mimi mwenyewe. Mama mmoja wa usajili akanijibu vizuri sana: nafasi ipo, lakini yote niliyosoma hayahesabiki. Nianze upya, mwaka wa kwanza.

Nilikaa nayo moyoni. Nilipomwambia mama, alimaliza kwanza kukunja nguo iliyokuwa mkononi. Kisha akasema neno moja.

"Nenda."

Siku ya kuondoka, baba ndiye aliyenipeleka stendi. Mama aliingia bafuni akafungulia bomba hadi mwisho ili tusimsikie. Tulimsikia. Niligonga mlango, hakufungua. Nikaondoka bila kumuaga.

Leo niko mwaka wa kwanza, nimekaa na watoto wanaoniita dada. Binamu yuko mwaka wa tatu, anakagua michoro yangu na kuniambia ukuta umepinda. Mama hupiga kila asubuhi; nisipopokea anampigia mlinzi wa hosteli, na mlinzi sasa anajua hadi ninachokula.

Wewe unayechagua chuo, hasa cha usanifu majengo, nenda kwa miguu yako. Uone studio, uguse meza, uwaulize wanaosoma pale. Uliza bodi inakitambua au la. Usimtume mtu akuulizie, hata akiwa ndiye msomi wa ukoo. Anayekupenda sana anaweza kukudanganya vizuri kuliko adui, kwa sababu humkagui.

Wananiambia nisamehe. Nimsamehe nani? Mjomba alipigiwa magoti. Mama alikuwa anaogopa. Baba alikuwa safarini. Kaka yangu hakuomba kuugua.

Hasira ninayo, bado ni nzito vilevile. Ila kila ninapotafuta wa kumtwika, namkuta mtu anayelia.