Pigo la Nne

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo: mkasi haukuchelewa.

Mikono Minne aliusikia mchana kweupe, wiki sita baada ya kumzika mkewe, akiwa chumbani anajinoa kwa vijiti vyake vya dramu juu ya kipande cha mpira. Kutoka chumba cha pili, juu ya meza ya cherehani, mkasi ukaanza kumfuatisha. Moja, mbili, tatu, nne, sawasawa.

Marehemu alikuwa fundi cherehani, na kila mumewe alipofanya mazoezi alimwitikia kwa kugonga mpini wa mkasi mezani. Ila alikuwa na lake: akifika pigo la tatu, anakawia. La nne linakuja likijikokota.

"Ungekuwa bendi yangu ningekufukuza siku ya kwanza," mumewe alizoea kumtania.

"Nifukuze basi, tuone nani atakushonea suruali za jukwaani."

Sasa Mikono Minne akaingia chumba kile. Hapakuwa na mtu. Palinuka uzi ulioungua, na mkasi ulikuwa wa moto. Mwanamume mzima akakaa kwenye kigoda cha mkewe, akalia. "Umejifunza, mke wangu," akanong'ona. "Huko uliko umejifunza."

Jina la utani alilipata kazini. Ijumaa alipiga dramu na bendi ya dansi, Jumapili na kwaya, Jumatatu yuko studio akimsindikiza mwimbaji asiyemjua hata kwa sura. Hakuna mtindo uliompiga chenga. Kila bendi iliyokwenda ziara ilimtaka, naye hakujua kusema hapana. Siku binti yake anazaliwa, alikuwa ziarani. Siku anaanza shule, ziarani. Mkewe alikuwa akimngoja tu, miaka ishirini, na safari ya mwisho mumewe akamwahidi kuwa haendi tena.

Habari za kifo cha mkewe zilimkuta jukwaani huko ziarani, wakijaribu vyombo. Alikuwa ameinua vijiti juu, akavigonganisha mara nne kuwaita wenzake, na papo hapo kiongozi wa bendi akamnyooshea simu. Shemeji yake alikuwa analia. Mikono Minne akatupa vijiti, akakimbia.

Wapiga dramu wana mwiko wao: ukishagonga nne, upige. Kuita bila kupiga ni kuacha mlango wazi. Yeye siku ile hakukumbuka mwiko, na nani angekumbuka?

Mtu mwingine angeogopa. Yeye kila mchana alikimbilia vijiti vyake, na mkasi ukamwitikia, mpaka binti yake wa miaka tisa akaanza kukonda. Siku moja alimshika mtoto kifundo cha mkono, na vidole vyake vya kazi havikumdanganya: moyo wa mtoto ulikuwa ukidunda na mkasi, pigo kwa pigo. Alijua pale pale. Hata hivyo alipiga siku tatu zaidi, polepole, akijifanya hajui, kwa sababu bila mkasi ule nyumba ilikuwa kimya mno.

Siku ya nne mtoto hakuweza kusimama. Shemeji akaleta mganga, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi.

"Mkeo alikuwa akigonga hivi hivi?" mganga akauliza kwa sauti ya chini, akisikiliza mkasi ukigonga wenyewe chumba cha pili.

"Hivi hivi," akadanganya, macho sakafuni.

"Baba!" Binti alinong'ona kutoka kitandani. "Mama alikuwa anachelewa. La nne lilikuwa linachelewa."

Mkasi ukanyamaza ghafla, kama mtu aliyetega sikio.

"Huyo si mkeo," mganga akasema, alipokwisha kusimuliwa ya siku ile jukwaani. "Ulimwita kwa zile nne ukamwacha njiani, akakufuata. Umalize wimbo ule, uufunge, aende zake."

Wakapanga dramu sebuleni, jua likiwaka dirishani. Mikono Minne akagonga nne, akaanza, na harufu ya uzi ulioungua ikapanda, na mkasi ukaingia kwa kishindo ukimvuta aende mbio, mbio zaidi, huku mtoto akitweta kitandani na shemeji akimshikilia, na matoazi yakilia pasipo kuguswa, na yeye akilia pia lakini mikono haikuyumba, kwani alijua kila pigo linamfukuza mtu wa mwisho aliyemwitikia nyumbani humo, mpaka akafika mwisho, akapiga pigo la kufunga, akashika matoazi kwa viganja yakanyamaza.

Kimya. Mtoto akaomba maji.

Wiki ikapita, mtoto akala, akacheka. Mikono Minne alifungia dramu stoo, akawaambia bendi zote wasimtafute tena. Nyumbani hakuna aliyemgongea kitu, na ilimuuma kuliko alivyowahi kukiri.

Mchana mmoja akikunja nguo za mtoto, alisikia mkasi chumba cha pili. Moja. Mbili. Tatu. Kisha kimya kifupi, na la nne likaja likijikokota.

Nguo zikamponyoka. Hakuna mtu duniani aliyegonga vile isipokuwa mmoja. "Mke wangu," akasema, "mke wangu, nisamehe."

Binti alikuwa mlangoni anatabasamu. "Umesikia, baba? Sasa ni mama kweli."

Akamvuta mtoto, akamkumbatia, akalaza shavu shingoni mwake huku machozi yakimtoka. Na hapo shavuni akausikia mshipa wa mwanawe: ukapiga moja, mbili, tatu, ukangoja, ndipo ukapiga la nne.