Uji wa Bibi Mdogo

Kling, kling, kling. Kabla hakujapambazuka, kijiko kiligonga bilauri jikoni. Mama alikuwa akikoroga dawa ya kiungulia tena. Chiriku alijifunika shuka mpaka kichwani. Bibi yake naye alikoroga hivyohivyo, mpaka asubuhi moja kijiko kikanyamaza. Tangu siku hiyo Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kupayuka, aliisikia sauti ile hata darasani.

"Usimwambie mtu," Mama alimwonya. Alikuwa fundi cherehani, na sare za shule zilikuwa zimerundikana zikingoja kushonwa.

Hata hivyo, maumivu yalizidi, wakaenda hospitali.

"Maumivu yameanza lini?" daktari akauliza.

"Juzijuzi tu," Mama akajibu.

Chiriku alishindwa kuvumilia. "Tangu mwaka jana, Daktari! Na Bibi alianza hivihivi."

Mama alimkata jicho. Daktari akavuta karatasi, akaanza kuchora ukoo wao: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. "Ndugu za Bibi je?"

"Walirogwa," Mama akanong'ona. "Amebaki mdogo wao mmoja. Wote waliokufa walikunywa uji wake."

"Basi huyo ndiye anayejua waliugua vipi. Kamwulizeni."

Bibi Mdogo, yule mdogo wao aliyebaki, alikuwa nyumbani kwake akifuma sweta peke yake. Alipowaona, sindano ilimponyoka. "Mmekuja kunitukana hadi huku?"

"Hapana, Bibi," Chiriku akasema. "Tumekuja kuuliza."

Bibi kizee aliiokota sindano yake. "Dada yetu mkubwa alianza, kaka akafuata, kisha bibi yako. Wakila vijiko viwili, wameshiba. Chakula kinawakwama. Uji tu ndio uliopita. Ningewaacha na njaa?"

Mama aliangua kilio. "Mama mdogo, hata mimi nashiba kwa vijiko viwili."

Waliporudi hospitali, daktari alipaka wino maumbo ya ndugu hao watatu kwenye mchoro wa ukoo. Akampima Mama damu, akamwingizia tumboni mpira mwembamba wenye kamera, akachukua vipande vidogo vya nyama vya kupima. Majibu yalipofika aliwaita wote watatu.

"Si uchawi. Ni saratani ya tumbo inayorithiwa. Jeni moja, yaani maelekezo ya mwili tunayopewa na wazazi, ina kasoro. Kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo anaweza kuirithi au asiirithi, nusu kwa nusu. Saratani yako bado ni changa, Mama. Tutauondoa mfuko wote wa chakula tumboni, na utaishi ukila kidogokidogo."

"Na mimi?" Chiriku akauliza.

"Ukiwa mtu mzima utapimwa, nasi tutakufuatilia. Umesema kweli, mwanangu, na umemwokoa mama yako. Hatuwezi kutibu tusichoambiwa."

Wiki kadhaa baada ya upasuaji, kabla ya alfajiri, kijiko kiligonga tena. Chiriku aliruka kutoka kitandani, akakimbilia jikoni. Bibi Mdogo alikuwa akipoza uji wa Mama katika kikombe kidogo.

Kulipokucha, Bibi Mdogo alikusanya nyuzi zake ili aende kwake. Mama alijikongoja mpaka mlangoni, akamshika mkono.

"Mama mdogo," akasema, "kesho uje tena."